UZI: Narsinh Mehta, mshairi aliyemwandikia Mungu hundi

Fundi wa Barazani (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite.

Marehemu baba alikuwa fundi cherehani Tanga, kwenye baraza ya duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kigujarati. Likizo nilikuwa naenda naye kuokota vifungo na kupuliza pasi ya mkaa. Kila asubuhi mambo ni yale yale: mzee anapandisha mlango wa chuma, anawasha udi mbele ya picha ya Krishna, anaweka kaseti, kisha anapanga majora huku midomo inafuatiza wimbo. Wimbo wenyewe wa taratibu, kama mtu anabembeleza mtoto. Baba naye mwisho akawa anaupiga mluzi juu ya cherehani bila kujua hata neno moja la ndani.

Ukubwani ndio nikaja kujua mwenye wimbo ni Narsinh Mehta, mshairi wa Junagadh, huko Saurashtra, Gujarat. Wengi humweka karne ya 15. Wagujarati humwita Adi Kavi, mshairi wa kwanza. Na wimbo ni "Vaishnav jan to", ule ambao Gandhi aliuingiza kwenye sala za kila siku pale Sabarmati, kwenye makazi yake.

Sasa juzi kijiweni jamaa mmoja msomi akanikatisha. Anasema Wahindu wana Veda, wana Upanishad, wana Gita, hayo ndiyo maandiko. Hao akina Narsinh ni waimbaji tu, mfano wa kwaya, hawana nafasi. Pale pale sikuwa na jibu. Lilikuja nikiwa kwenye daladala, jamaa keshaondoka. Nimelileta huku.

Tuanze na wimbo wenyewe. Unauliza nani aitwe Vaishnava, yaani mja wa Vishnu, Mungu ambaye Krishna na Ram ni sura zake. Ubeti wa kwanza: ni yule anayeyajua maumivu ya mwenzake, akamsaidia aliye taabuni bila moyo wake kujigamba. Unaofuata: anamheshimu kila mtu, hamsengenyi yeyote, ulimi wake, mwenendo wake na nia yake vimetulia, heri mama aliyemzaa. Halafu: dunia haimnasi, jina la Ram limemkolea, na mahali pote pa hija pamo mwilini mwake. Wa mwisho: hana uroho wala hila, tamaa na hasira kazifukuza. Narsaiyo (ndiye Narsinh mwenyewe) asema, kumwona tu mtu huyo kunaokoa vizazi 71 vya ukoo.

Humo hamna tabaka wala Kisanskriti wala kafara. Hata hija imehamishwa kutoka milimani na mitoni ikaingizwa mwilini. Na anayesema haya ni Brahmin wa jamii ya Nagar, watu wa juu kabisa pale Junagadh. Kwa hiyo naomba nijibiwe: ubeti kama huu, unaoamua nani ni mcha Mungu na nani siye, mnauweka fungu gani kama si maandiko?

Mpita Njia

Nimekaa mkao wa kula.

Kaka Mwalimu

Jamaa wa kijiweni hakukosea sana, mkuu. Ngoja niweke mambo sawa kabla watu hawajaanza kupiga makofi.

Wahindu wanatofautisha shruti na smriti. Shruti ni kilichosikiwa: Veda, na Upanishad ndani yake. Kwa imani yao haikutungwa na mtu, wahenga waliisikia tu. Chini yake smriti, kilichokumbukwa: Mahabharata (na Gita imo humo humo), Ramayana, zile Purana za visa vya kale vya miungu, vitabu vya sheria. Narsinh hayumo huku wala kule. Alitunga kwa lugha ya sokoni, na Brahmin wa zamani wasingekubali lugha ya sokoni isimame na Veda. Kwa hiyo kwa cheo hana. Tusimpe cheo kwa sababu tu mzee wa duka alikuwa mtu mwema.

Fundi wa Barazani

Cheo nakuachia, Mwalimu. Mimi nazungumzia kazi. Hiyo Veda, mtu wa tabaka la chini vitabu vya sheria vilimkataza hata kuisikia, na mwanamke wa kijijini Kisanskriti hakijui. Sasa yeye dini yake aliipata wapi? Kwa hawa waimbaji.

Na mambo hayakuanzia Gujarat. Yalianzia Kusini, kwa Watamil, kati ya karne ya 6 na ya 9: Alvar waliomwimba Vishnu na Nayanar waliomwimba Shiva, wakizunguka hekalu hadi hekalu. Alvar walikuwa 12, mmoja wao mwanamke, Andal. Baadaye Nathamuni akakusanya mashairi yao, beti 4,000, na Waishnava wa huko huyaita Veda ya Kitamil. Neno hilo hilo, Veda! Ikapanda juu: 1290 Dnyaneshwar anaifafanua Gita kwa Kimarathi, 1574 Tulsidas anaanza Ramayana yake kwa Kiawadhi. Ingia nyumba ya Mhindu wa Kaskazini leo, Ramayana utakayoikuta ni ya Tulsidas, ile ya Kisanskriti ya Valmiki ni ya wasomi. Kabir, Namdev na Ravidas nao tungo zao ziliingizwa kwenye Adi Granth ya Masingasinga mwaka 1604, na kitabu hicho watu wanakisujudia.

Kwa hiyo washairi wanaopata rafu ya maandiko wapo. Kinachonishika kwa Narsinh ni kwamba yeye hakupata. Hakuanzisha madhehebu. Hakuacha mrithi wala nyumba ya watawa ya kutunza karatasi zake. Surdas, mshairi mwenzake wa Krishna, ana madhehebu ya Vallabha, nyimbo zake zinaimbwa mbele ya sanamu kwa ratiba, saa hii huu, saa ile ule. Narsinh hakuwa na mlinzi. Miswada tuliyonayo ya tungo zake imeandikwa muda mrefu baada yake. Kilichomvusha ni midomo ya watu, karne kwa karne, hadi kwenye kaseti ya barabara ya Tanga. Kitu kisicholindwa na mtu yeyote, na bado kisipotee, mimi nakipa uzito kuliko kilicholindwa na jeshi zima la makuhani.

Kaka Mwalimu

Midomo inatunza, lakini midomo pia inaongeza. Kila mtu akitunga wimbo mzuri anaubandika jina la Narsaiyo mwishoni. Ndiyo maana wataalamu wanabishana upi wake upi si wake, mpaka tarehe zake. K. M. Munshi, mwandishi wa Kigujarati, alimsogeza hadi karne ya 16.

Fundi wa Barazani

Kweli. Na mtu habandiki jina lisilo na uzito kwenye wimbo wake. Umenisaidia hoja.

Binti Ngamiani

Nyie wawili mtamalizana baadaye. Mwenzenu nimeingia kwa sababu ya kichwa cha uzi. Hundi ya Mungu ndiyo nini?

Fundi wa Barazani

Hii ndiyo tamu, dada yangu. Na neno ni lile lile tunalotumia benki, hundi. Tumelichukua kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa pwani. Zamani mtu hakutembea na fedha njiani. Anampa tajiri wa mji wake, tajiri anamwandikia karatasi kwa tajiri mwenzake wa mji wa mbele, akifika analipwa.

Basi mahujaji walifika Junagadh wakielekea Dwarka, mji wa Krishna ufukweni. Mkononi wana rupia 700, njia ina wanyang'anyi. Wakauliza nani anaandika hundi hapa. Wale Nagar, kwa dhihaka, wakawaonyesha nyumba ya Narsinh, mtu ambaye hata unga wa kesho hana. Narsinh hakukataa. Akapokea fedha, akaandika hundi kwa Shamalsha Sheth wa Dwarka. Sheth ni tajiri. Shamal ni mweusi, mwenye rangi ya giza, jina la kumwitia Krishna. Zile 700 akawalisha watawa na maskini, zikaisha siku ile ile.

Mahujaji wamefika Dwarka, wanazunguka masoko yote. Tajiri Shamalsha hakuna anayemjua. Wamekata tamaa, wanatoka mjini, ndipo linapotokea Sheth limoja na kilemba chake, kalamu sikioni, daftari kwapani: ni nani ana hundi yangu? Akawalipa na riba juu. Wimbo wa Narsinh wa kuomba hundi ipokelewe unaimbwa hadi leo.

Kisa hiki mshairi Premanand wa Vadodara alikitungia utenzi mzima karne ya 17, pamoja na kile cha binti yake Kunwarbai. Binti alikuwa na mimba ya miezi saba, na desturi inataka baba alete zawadi kwa wakwe. Wakwe wakaandika orodha ndefu ya kumwaibisha. Bibi mzaa mkwe alipokosa cha kuongeza akasema andikeni na mawe mawili. Narsinh akaja na gari bovu la ng'ombe, watawa wake na matari ya kuimbia. Wakamwekea maji ya kuoga yanayotokota, alipoomba ya baridi wakamwambia si unaimba, imba mvua inyeshe. Akaimba, ikanyesha. Zawadi zikaletwa na tajiri asiyejulikana na mkewe, yaani Krishna na Lakshmi, na mawe mawili yamo, ya dhahabu.

Binti Ngamiani

Hao wakwe nawajua, wako Ngamiani hapa hapa.

Malenga Mchovu

Mmeongea visa, hamjagusa ufundi. Naomba nafasi.

Narsinh ni bingwa wa prabhatiya, nyimbo za alfajiri. Nyingi ziko kwenye bahari inayoitwa jhulna, maana yake bembea. Sisi tunahesabu silabi, nane kwa nane. Wao wanahesabu uzito: silabi fupi moja, ndefu mbili. Jhulna ni 37 kwa mstari, na vituo vyake ni 10, 10, 10, kisha 7. Sikilizeni hesabu hiyo: inakwenda, inarudi, inakwenda, halafu inakatika fupi kama bembea iliyoshikwa na mkono. Fundi kasema wimbo wa kaseti ulikuwa kama wa kubembeleza mtoto. Ule wa "Vaishnav jan to" una mwendo wake mwingine, lakini hizi za alfajiri ndiyo bembea yenyewe.

Chukueni ule wa "Jaag ne Jadava". Ni mama anamwamsha mtoto, Krishna. Amka, kijana wa ng'ombe, bila wewe nani atakwenda machungani? Wachungaji 360 wamekusanyika, nani atakuwa mkubwa wao? Mtindi upo, vitu vya samli vipo, maziwa yamechemshwa yakawa mazito, nani atakunywa? Tulia hapo kwanza. Anayeamshwa ndiye mwenye ulimwengu, na anaamshwa kwa kutajiwa maziwa. Mshairi hajasema popote kwamba Mungu yu karibu. Kaweka kikombe tu.

Hiyo "bhane Narsaiyo" ya mwisho, "Narsaiyo asema", nayo si ngeni kwetu. Watunzi wetu wa tenzi nao hujitaja mwishoni. Ila yeye hajitaji kama mtunzi tu. Kwenye nyimbo zake za usiku wa ngoma ya Krishna na wasichana wa kuchunga, yumo humo humo uwanjani. Kisa chake kinasema shemeji yake alimsimanga, akakimbilia hekalu la Shiva kule Gopnath, akafunga siku saba. Shiva akamtokea, akamchukua kwenda kuitazama ngoma ile. Akapewa mwenge ashike. Akazama kwenye kutazama hadi moto ukafika mkononi, mkono ukawaka, hajui.

Sharifu wa Mkunazini

Ahsante Malenga. Mimi Muislamu, na sisi huku tunasoma kasida za Mtume ambazo si Qurani na hakuna anayezichanganya na Qurani. Lakini mtoto wa Unguja mapenzi ya Mtume anayapata kwenye kasida kabla hajaelewa aya. Kwa hiyo Mwalimu na Fundi wote wako sawa kwa upande wangu.

Ila mmesahau raga ya rehani. Raga ni mtindo wa sauti wa kuimbia wa Kihindi. Inasemekana Narsinh alikuwa na deni, hana cha kuweka, akaweka rehani raga ya Kedar, ile aliyokuwa akimwimbia Krishna akaitika. Masharti: haimbi Kedar mpaka alipe. Mfalme wa Junagadh, Ra Mandalika, akachongewa kwamba huyu mtu ni laghai. Akamwambia: ikifika alfajiri sanamu haijakuvika shada, unakufa. Usiku kucha anaimba raga nyingine, sanamu kimya. Kedar hawezi kuigusa, neno ni neno. Mpaka Krishna mwenyewe kwa sura ya Narsinh akaenda kumgongea mkopeshaji usiku, akalipa, hati ikarudi. Akaimba Kedar, shada likamfika shingoni.

Mandalika ni mtu wa tarikhi kabisa. Mahmud Begada, sultani wa Gujarat, alimnyang'anya Junagadh mwanzoni mwa miaka ya 1470. Wacha Mungu wa huko wanasema ndiyo malipo ya kumtesa mshairi.

Mpita Njia

Kuweka rehani wimbo! Wasanii wetu wa siku hizi hiyo ndiyo mikataba yao.

Kaka Mwalimu

Visa vitamu. Naomba niwatie chumvi. Mke wake alipofariki, wengine husema mwanawe, anasimuliwa akisema: vema, mtego umevunjika, sasa nitamwimba Gopal, yaani Krishna, kwa raha. Mnamwita huyu anayejua maumivu ya mwenzake?

Fundi wa Barazani

Hapo umenibana, na sitatafuta njia ya kupaka sukari. Nilipousoma mstari ule nilimfikiria mama alivyokaa siku baba alipozikwa, nikafunga simu. Unaweza kusema ni mtu anajikaza. Mimi naona ni upande wake mgumu, wa mtawa, na haukai vizuri na ule wimbo.

Lakini upo ubeti wake mwingine unaosema kitu ambacho hata vitabu vikubwa havithubutu. Wengi wa wacha Mungu wa Kihindu wanatafuta moksha, kutoka kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Narsinh anasema bhakti, yale mapenzi ya mja kwa Mola wake, iko hapa duniani, mbinguni kwa Brahma haipo. Waja wa Hari, jina jingine la Vishnu, hawaombi kuokoka na kuzaliwa, wanaomba kuzaliwa tena na tena, waimbe. Mtu huyo huyo. Mwalimu, ungekuwa unaandika kitabu chenye cheo ungeruhusiwa kuandika hivyo?

Kaka Mwalimu

Usinilishe maneno. Bhagavata Purana, yenye cheo, inagusa hilo: waja wanaopewa ukombozi wasiutake. Ila nakubali, kwa lugha ya mama mzazi inauma zaidi. Na nitakuongezea: yeye huyo ana wimbo unaosema vito vikishachongwa vinapata majina na maumbo mbalimbali, mwisho dhahabu ni dhahabu. Hiyo ni Upanishad tupu, ile ya Chandogya inayotumia mfano wa udongo na dhahabu. Kwa hiyo aliijua shruti. Aliimimina kwenye bembea.

Sharifu wa Mkunazini

Mwalimu anaanza kulainika.

Fundi wa Barazani

Nimalizie na la Harijan maana mtaniuliza. Narsinh alikuwa akienda kuoga alfajiri kwenye kidimbwi cha Damodar, chini ya mlima Girnar. Siku moja watu wasioguswa, wale wa chini kabisa waliohesabiwa najisi, wakamsubiri njiani, wakamwomba aje kwao aimbe. Kuna wimbo wake unaosimulia kisa hicho chenyewe: mlima, kidimbwi, wao wanaomba, yeye anakubali. Mstari wake mkali ni huu: penye ubaguzi Mwenyezi hayupo. Akaimba huko usiku kucha. Asubuhi anarudi, Nagar wanampigia makofi ya kejeli njiani. Akawaimbia: ndivyo tulivyo, ndivyo, kama mnavyosema.

Neno Harijan, watu wa Hari, Gandhi alilichukua miaka ya 1930 kuwaita wasioguswa, akasema asili yake ni kwa Narsinh, na 1933 akaanzisha gazeti la jina hilo. Hapa tusidanganyane: Ambedkar, kiongozi aliyetoka kwao, na wengi wa watu wenyewe hawakulipenda, waliona ni kubembelezwa badala ya haki, na leo wanajiita Dalit. Kwa Narsinh neno lilikuwa la kila anayempenda Hari, bila kujali kazaliwa wapi.

Binti Ngamiani

Jamani nimerudi. Leo nimefanya kitu. Ghorofani kwetu kuna bibi wa Kigujarati, amepita miaka themanini, macho hayaoni vizuri. Huwa namnunulia mchicha. Nikambeba hadi barazani na kiti chake, nikamsomea kwa Kiswahili zile beti za Fundi, wa kwanza hadi wa mwisho. Alikuwa anatikisa kichwa, anahesabu kwa vidole. Nilipomaliza akanionyesha mkono: kidole kimoja kimebaki wazi. Akasema, nani amekuandikia hii? Ameruka mmoja. Nikamwambia bibi, huyo kasoma. Akasema kusoma siyo kazi, mimi sikusoma, niliupata kwa mama yangu akisaga unga. Akauimba palepale, ubeti wa tatu, halafu akanitafsiria kwa Kiswahili chake: anatazama wote sawasawa, tamaa ameacha, mke ya watu kwake kama mama, ulimi hasemi uongo, mkono hagusi mali ya mwenzake.

Kaka Mwalimu

Fundi?

Fundi wa Barazani

Nimerudi kwenye daftari langu. Ni kweli, upo, wa tatu. Nimeuruka.

Mpita Njia

Katika beti zote mkuu ukaruka ule wa mke wa mtu. Tunakujua.

Fundi wa Barazani

Binti, mpe bibi shikamoo yangu. Mwambie nimeusahihisha.